Diski za video Unguja: safu itakayohimili umeme na hewa ya chumvi

Mtu akitafuta safu ya diski ya kuhaririria video, yaani diski kadhaa zilizounganishwa zikafanya kazi kama moja, swali lake la kwanza huwa kasi. Kwa kazi zinazofanyika Unguja na Pemba, yaani harusi, matangazo ya hoteli za Nungwi na Paje, vipindi vya televisheni, Mwaka Kogwa wa Makunduchi, filamu za kupeleka tamasha la ZIFF, kasi ndiyo sehemu nyepesi. Hesabu yake haichukui dakika kumi. Kinachoharibu kazi hapa ni umeme unaokatika diski zikiwa katikati ya kuandika, na hewa ya bahari inayokula shaba usiku na mchana. Safu iliyochaguliwa kwa kasi peke yake hupendeza mwaka wa kwanza, na baada ya hapo mwenyewe huanza kutafuta fundi wa kuokoa data.

Tuimalize kasi kwanza.

Kamera nyingi za harusi hurekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde. Gawa kwa 8, unapata megabaiti 12.5 kwa sekunde, sawa na gigabaiti 45 kwa saa. XAVC S-I ya kamera za Sony, 4K kwa fremu 25, ni megabiti 250, karibu megabaiti 31. Ukigeuza picha kuwa ProRes 422 (umbizo la Apple la kuhaririria) ya UHD, yaani 4K ya pikseli 3840 kwa 2160, fremu 25, ni megabiti 492: megabaiti 61 na ushei kwa sekunde, gigabaiti 221 kwa saa. ProRes 422 HQ ni megabiti 737, yaani megabaiti 92 kwa sekunde na gigabaiti 332 kwa saa.

Chukua harusi moja yenye kamera tatu, kila moja saa tano ukijumlisha nikahi msikitini, kumtoa bi harusi na tafrija ya ukumbini. Saa 15 kwa gigabaiti 45 ni gigabaiti 675. Ukigeuza zote kuwa ProRes LT ya UHD unafika terabaiti 2.3. Ukitengeneza proksi (nakala nyepesi za kuhaririria) za 1080 kwa ProRes Proxy, hazifiki gigabaiti 260. Namba hizi tatu ndizo zinazoamua ununue nini, na inashangaza ni wangapi wanakwenda dukani bila kuziandika hata kwenye karatasi.

Diski moja ya inchi 3.5 ya mizunguko 7,200 kwa dakika husoma mfululizo megabaiti 200 na zaidi kwa sekunde ikiwa tupu, na karibu nusu ya hapo ikikaribia kujaa, kwa sababu data za mwisho hukaa kwenye duara fupi la ndani. Kwenye karatasi, basi, diski moja ingebeba kamera tatu za ProRes 422, jumla megabaiti 184. Kwa vitendo haibebi. Kichwa cha kusomea hulazimika kuruka kutoka faili la kamera ya kwanza kwenda la pili na la tatu, na kila mruko hula kama milisekunde 8 za kusaka na milisekunde 4 za kusubiri sahani izunguke. Miruko 80 ya namna hiyo kwa sekunde ndiyo mwisho wake. Ndiyo maana video ya kamera moja inateleza vizuri, na ukifungua kamera tatu kwa pamoja picha zinaanza kukwama ilhali kipimo cha kasi kinaonyesha namba nzuri.

Ila kabla ya kununua chochote, hakikisha diski ndiyo inayokwamisha. Video za H.265 za biti 10 ni nyepesi kwa diski na nzito mno kwa prosesa. Kipimo chake ni rahisi: chukua faili moja linalokwama, ligeuze kuwa ProRes, lirudishe kwenye diski ileile. Likicheza vizuri sasa, ingawa limekuwa zito mara nne au tano, basi diski haina kosa. Mashine yako inachoka kufungua kodeki, yaani namna video ilivyokandamizwa. Fedha yako iende kwenye kadi ya picha, au fanya kazi kwa proksi na usinunue kitu.

Nani anahitaji nini

Anayehariri peke yake harusi na matangazo mafupi hahitaji sanduku la diski sita. SSD ya nje ya terabaiti 2 kwa kazi iliyo mezani, na diski mbili za terabaiti 8 katika RAID 1 (RAID ni namna za kuunganisha diski kuwa safu) kwa kazi zilizokamilika, zinatosha. RAID 1 huandika kitu kilekile kwenye diski zote mbili. Haina hesabu ya pariti (data ya ziada ya kujaza pengo la diski iliyokufa), haina mipangilio ya kukosea, na mara nyingi diski moja ikifa unaweza kuichomeka iliyobaki kwenye kompyuta nyingine na kusoma mafaili yako. Kwa mahali ambapo fundi wa kuokoa data yuko ng'ambo ya bahari, hiyo ni faida kubwa kuliko megabaiti mia za ziada.

RAID 0, inayogawa data kwenye diski zote bila akiba yoyote, iachie kashe na mafaili ya muda tu. Diski moja ikifa, zote zimekwenda. Huu si ushauri wa kuogopesha watu. Ndivyo inavyofanya kazi.

Ofisi yenye wahariri wawili hadi wanne wanaogusa picha zilezile ndiyo inayohitaji safu ya kweli kwenye mtandao. Hapa naelekeza bila kusita: diski sita, RAID 6 au RAIDZ2 ya ZFS (mfumo wa kuhifadhi mafaili wenye RAID yake), ambazo zote hustahimili diski mbili kufa. Watu huvutiwa na RAID 5 kwa sababu hupoteza nafasi ya diski moja tu. Tatizo lake linaonekana siku ya kujenga upya. Safu ya diski nne za terabaiti 8 ikipoteza moja, lazima zile tatu zisomwe zote, terabaiti 24, mfululizo. Hata kwa wastani wa megabaiti 150 kwa sekunde, diski mpya ya terabaiti 8 huchukua saa 15 kujazwa, na kama watu wanaendelea kuhariri inaweza kufika siku mbili. Zile tatu zilinunuliwa siku moja, zimefanya kazi ileile, zimevuta hewa ileile. Ikitokea moja yao ikashindwa kusoma sehemu fulani, au umeme ukapotea usiku huo, hakuna pariti iliyobaki ya kukuokoa.

Diski sita za terabaiti 8 katika RAIDZ2 zinakupa terabaiti 32 kwa hesabu ya dukani, ambazo kompyuta inayohesabu kwa 1,024 itakuonyesha kama 29. Usijaze zaidi ya asilimia 80. ZFS ikibanwa nafasi huanza kutafuta vipenyo vya kuandikia, na kasi huporomoka. Inabaki nafasi ya kama harusi 27 za ukubwa ule wa juu, picha asili pamoja na proksi zake.

Diski zenyewe

Jambo la kwanza kuuliza si chapa, ni kama diski ni CMR au SMR. Kwenye CMR njia za data hukaa kando kwa kando; kwenye SMR hupandana kama vigae vya paa. Kubadilisha kigae kimoja kunalazimu kuinua vinavyokilalia. Kwa kuhifadhi faili moja moja hutaona tofauti. Kwa kujenga upya safu ni balaa: kazi ya saa 15 hugeuka ya siku nyingi, na mara nyingine diski huchelewa kujibu kiasi kwamba safu inaitoa kwa kudhani imekufa. Mwaka 2020 ilibainika kuwa baadhi ya diski za WD Red za terabaiti 2 hadi 6 zilikuwa SMR bila kuelezwa wazi, na baadaye majina yakatenganishwa: Red Plus na Red Pro ni CMR. Seagate IronWolf ni CMR. Tazama namba kamili ya modeli iliyochapwa kwenye lebo, kisha uitafute kwenye orodha ya mtengenezaji kabla hujatoa fedha. Neno NAS (hifadhi ya diski kwenye mtandao) kwenye kifuniko halitoshi.

La pili ni subira ya diski. Diski ya kompyuta ya kawaida ikikuta sehemu mbovu hung'ang'ania kuisoma, wakati mwingine kwa zaidi ya dakika. Hiyo ni sawa ikiwa peke yake. Ndani ya safu, kontrola inayosimamia diski haingoji. Inaihesabu imekufa na kuitoa, ingawa ni sekta moja tu iliyochoka. Diski za NAS hukata tamaa baada ya sekunde 7 na kuiachia pariti ijaze pengo. Amri `smartctl -l scterc /dev/sda` inakuonyesha kama diski yako inakubali mpangilio huo, na `smartctl -l scterc,70,70 /dev/sda` huuweka, kwa zinazokubali. Nyingine husahau zikizimwa, kwa hiyo amri iwekwe kwenye programu za kuwashia mashine.

Diski za CCTV zimejaa madukani kwa sababu soko lake ni kubwa. Zimepangwa kwa kuandika mfululizo zaidi kuliko kusoma sehemu nyingi kwa pamoja; si chaguo langu kwa safu ya uhariri. Za mtumba zinafaa kwa nakala za akiba peke yake, na kwanza uangalie saa zilizofanya kazi, sifa namba 9 kwenye SMART, kumbukumbu ya afya ambayo diski hujiandikia.

Nunua saba, si sita. Ya saba ni ya kukaa kabatini. Diski ikifa Ijumaa jioni mjini, mbadala wa modeli unayoitaka huenda uko Kariakoo, na mpaka aliyekwenda kuununua arudi na boti umeshapoteza siku mbili, safu ikiwa inakimbia bila akiba kamili. Kwa walioko Wete au Chake Chake ongeza siku nyingine. Ikiwezekana, diski saba zisitoke kwenye katoni moja. Tarehe za kutengenezwa zimeandikwa kwenye lebo.

Hewa

Unyevu wa hewa wa Unguja huzunguka asilimia 80 kwa miezi mingi, na masika hupanda zaidi. Wengi wanaogopa joto, na joto lina madhara yake, lakini utafiti uliowasilishwa 2016 kwenye mkutano wa FAST, uliofuatilia vituo vya data vya Microsoft, ulikuta unyevu ndio wenye athari kubwa zaidi katika kuharibika kwa vifaa, na kwamba diski kwenye unyevu mwingi hufa hasa kwa upande wa kontrola na viunganishi vyake. Kwa kisiwa hiki, ambako unyevu umechanganyika na chumvi, hilo ni jambo la kulizingatia kabla ya jingine lolote.

Geuza diski uone upande wa ubao wa saketi. Fungua zile skrubu ndogo za nyota, unyanyue ubao taratibu. Chini yake kuna vijiduara vya shaba vinavyokutana na sindano za springi za kichwa na mota. Hakuna risasi iliyoyeyushwa hapo, ni kugusana tu. Kwenye diski iliyokaa mwaka mmoja au miwili karibu na dirisha la upande wa bahari, vijiduara hivyo having'ai tena. Vimekuwa vyeusi, na pembezoni pana kijani. Diski hiyo huwaka, huzunguka, kisha hupotea kwenye mfumo na kurudi yenyewe baada ya dakika kadhaa. Sahani ni nzima na data zote zipo. Kilichooza ni mguso. Vivyo hivyo kwa kiunganishi cha SATA, cha kebo ya data. Dalili yake ni sifa namba 199 kwenye SMART, makosa ya CRC (data kuharibika njiani kwenye kebo), kupanda wiki hadi wiki. Namba hiyo ikipanda, usikimbilie kulaumu diski. Zima, chomoa, safisha kwa spiriti ya asilimia 99 na kitambaa kisichoacha nyuzi, badilisha kebo, kisha utazame kama imesimama. Hairudi sifuri, unachotaka ni isiongezeke.

Sasa kiyoyozi. Ofisi nyingi hukiwasha mchana kwa nyuzi 18 na kukizima jioni. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 75, umande huanza kutonea kwenye chochote chenye ubaridi wa nyuzi 25 kushuka chini. Chuma kilichopozwa mpaka 18 kisha dirisha likafunguliwa kitalowa, ndani na nje, na kama kifaa kimezimwa hakina joto lake la kujikausha. Bora nyuzi 25 au 26 bila kubadilika, madirisha yamefungwa. Na diski ziache zinazunguka. Diski inayofanya kazi kwa nyuzi 40, kwenye hewa yenye umande wa nyuzi 25, ngozi yake ina unyevu wa kama asilimia 43 tu. Wanaozima safu kila usiku kwa nia ya kuitunza wanaipa mvuke kila alfajiri. Zima mpangilio wa kulaza diski pia.

Joto la diski lenyewe libaki chini ya nyuzi 45. Kichujio cha sponji mbele ya feni kinasaidia dhidi ya vumbi la chokaa, ambalo kwenye nyumba za Mji Mkongwe haliishi, lakini kichujio kisichofuliwa kila mwezi hupandisha joto kuliko kutokuwa nacho. Diski ya akiba ikae kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko wa mpira na pakiti za silika. Silika ya rangi ya chungwa hugeuka kijani ikishiba. Ikaushe kwenye oveni ya joto dogo uirudishe.

Umeme

Umeme wa Unguja unatoka Bara kwa kebo ya chini ya bahari. Wakubwa wanakumbuka giza la mwezi mzima la 2008, na lile la Desemba 2009 hadi Machi 2010. Kebo mpya ya megawati 100 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba ilianza kazi 2013, na Pemba iliungwa na Tanga mwaka 2010. Hali si ile tena. Kinachoua diski siku hizi ni vitu vidogo: kukatika kwa sekunde tatu, volti kushuka wakati wa magharibi kila mtu akiwasha taa na jiko, na ule mtindo wa umeme kurudi, kukaa dakika mbili, kisha kukatika tena.

RAID 5 na 6 za kawaida huandika data na pariti kwenye diski tofauti. Umeme ukikatika data imeshaandikwa na pariti bado, vitu hivyo viwili havikubaliani tena, na hakuna anayejua mpaka siku diski ikifa na pariti ile mbovu itumike kujenga upya. Faili linarudi likiwa na takataka ndani. Kadi za kontrola za RAID hukabili hili kwa betri yake yenyewe, ambayo nayo huzeeka. ZFS hukabili kwa namna nyingine: haiandiki juu ya kitu kilichopo, huandika pembeni kisha hubadilisha kielekezo kwa hatua moja, na kila kipande kina hundi yake, yaani namba ya kuthibitisha kwamba data haijabadilika. Umeme ukikatika unapoteza sekunde chache za mwisho, lakini kilichokuwapo kinabaki kizima. Kwa sababu hiyo peke yake ningechagua ZFS kwa visiwa hivi hata kama ingekuwa ya polepole zaidi. Btrfs, mfumo mwingine wa mafaili, ina sifa kama hizo, ila RAID 5 na 6 zake zenyewe watengenezaji wake wenyewe hawashauri kuzitumia kwa data muhimu.

UPS bado ni lazima. Safu ya diski sita hula wati 60 hadi 70, swichi ya mtandao wati 20. UPS ya VA 1,000 yenye kurekebisha volti na betri mbili za volti 12 saa-ampea 7 inazibeba zaidi ya nusu saa betri zikiwa mpya. Usiunge kompyuta ya kuhariri kwenye UPS hiyohiyo: kadi ya picha pekee inaweza kuvuta wati 300, na dakika za safu yako zikaishia kwenye skrini. Swichi iunge, kwa sababu ikizima, kompyuta zenye UPS zake zinapoteza mafaili zilizokuwa zinayaandika.

UPS bila kebo ya USB kwenda kwenye safu ni nusu ya kazi. Programu ya NUT, iliyomo ndani ya TrueNAS (mfumo wa kuendeshea NAS kwa ZFS) na kwenye masanduku mengi ya NAS, husoma hali ya betri na kuzima mashine kwa utaratibu. Iagize izime baada ya dakika tano za giza, usingoje betri ikaribie kwisha. Halafu weka mashine isiwake yenyewe umeme ukirudi, au iwake betri ikishafika angalau asilimia 50. Ule umeme wa kurudi na kukatika tena hukuta betri tupu, na pigo la pili ndilo linalokuta diski zinaandika bila kinga. Betri za UPS hupungua umri kwa nusu kwa kila nyuzi 10 juu ya 25. Zibadilishe kila miaka miwili bila kungoja zilie. Kila miezi mitatu chomoa UPS ukutani kwa makusudi, saa ambayo hakuna kazi, uone kama safu inajizima kweli.

Kuiunda

Usitie diski yoyote kwenye safu kabla ya kuipima. `smartctl -t long` kwa kila moja. Diski ya terabaiti 8 huchukua nusu siku na zaidi. Mwenye nafasi aongeze `badblocks -b 4096 -wsv`, ambayo hufuta kila kitu na huchukua siku kadhaa. Hiyo `-b 4096` ni ya lazima kwa diski kubwa, bila hiyo programu inakataa kuanza. Baada ya hapo sifa namba 5, 197 na 198, zinazohesabu sekta mbovu, ziwe sifuri. Diski mpya yenye sekta hata mbili zilizohamishwa irudishe dukani siku hiyohiyo, muhuri wa dhamana ukiwa bado haujakauka.

Andika namba za mwisho nne za siriali ya kila diski kwenye kibandiko mbele ya nafasi yake. Kosa linaloua safu nyingi kuliko diski zenyewe ni fundi kuchomoa diski nzima akaacha iliyokufa, kwa kuhesabu kutoka kushoto wakati mfumo unahesabu kutoka kulia. Kwa sababu hiyohiyo unda safu kwa majina ya `/dev/disk/by-id`, si `sda` na `sdb`, ambayo hubadilika ukichomeka tu flashi.

`zpool create -o ashift=12 video raidz2` ikifuatiwa na majina sita. Kisha `zfs create -o recordsize=1M -o compression=lz4 -o atime=off video/kazi`. Rekodi ya megabaiti 1 inafaa kwa sababu faili za video ni kubwa na zinasomwa mfululizo. Ile ya kawaida ya kilobaiti 128 huongeza kuruka kwa vichwa bila sababu. Kwenye `ashift`, yaani ukubwa wa sekta, usikosee, haibadilishwi baadaye. Wanaotumia mdadm (RAID ya Linux) badala ya ZFS waweke kipande cha kilobaiti 256 au 512, mfumo wa mafaili wa XFS juu yake, na wasizime ramani ya kumbukumbu ya maandishi (write-intent bitmap). RAM ya gigabaiti 16 inatosha, yenye ECC (kurekebisha makosa yake yenyewe) ikiwezekana.

Mradi wa DaVinci Resolve au Premiere, hifadhidata yake na kashe, vikae kwenye SSD ya kompyuta ya mhariri, si kwenye safu. Kashe huandika vipande vidogo maelfu, ndicho hasa kitu ambacho diski za kuzunguka hazikiwezi. Mradi unakiliwa kwenye safu kila jioni.

Mtandao wa gigabiti 1 unatoa kama megabaiti 110 kwa sekunde; unatosha kwa proksi, au mkondo mmoja wa ProRes 422. Kwa kamera tatu na wahariri wawili nenda gigabiti 10. Kebo ya Cat6 huibeba kwa mita 55, Cat6A mita 100. Wi-Fi usifikirie, khasa Mji Mkongwe, ambako ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya mawimbi chumba hadi chumba. Ukipandisha MTU, ukubwa wa pakiti za mtandao, kuwa 9000, ipandishe kwenye safu, swichi na kila kompyuta. Ikibaki moja, dalili huwa ya kutatanisha: mafaili madogo yanafunguka, makubwa yananing'inia bila ujumbe wowote.

Pima kwa faili kubwa kuliko RAM ya mashine, vinginevyo unapima RAM. Usipime kwa kuandika sifuri kutoka `/dev/zero`, kwa kuwa lz4, ukandamizaji uliouwasha juu, huzikunja zikawa si kitu na utaona namba za ajabu. `fio --name=kamera --rw=read --bs=1M --size=50G --numjobs=3` huiga kamera tatu. Diski sita za RAIDZ2 zikikupa jumla ya megabaiti 400 hadi 600, kila kitu kiko sawa.

Nakala, na siku diski inapokufa

Safu si nakala ya akiba. Haizuii mtu kufuta folda, wala virusi vya kufunga mafaili, wala mwizi. Snapshoti za ZFS (hali ya mafaili iliyogandishwa kwa wakati fulani) za kila saa zinasaidia kwa makosa ya kufuta. Kwa mengine unahitaji diski za nje mbili zinazopokezana, moja ofisini na nyingine nyumba tofauti. Kupeleka terabaiti 2 kwenye wingu kwa kasi ya kupakia ya megabiti 20 huchukua siku tisa na zaidi mfululizo. Diski iliyofungwa kwenye sponji ya sentimita tano na kubebwa mkononi kwenye boti ya Pemba au Dar inafika siku hiyohiyo. Kadi ya kamera isifutwe mpaka nakala mbili zimethibitishwa kwa hundi. Clone Tool ya Resolve, hata ile ya bure, inafanya hivyo.

Kila mwezi endesha `zpool scrub video`, ukaguzi wa data zote, usiku usio na kazi, na si wiki ya mwisho ya Shaaban ambapo harusi zinapishana milangoni. Taarifa ziende kwa barua pepe ya mtu anayezisoma.

Diski ikitolewa na safu, usiwashe upya mashine kwa matumaini. Kwanza `zpool status`, andika siriali. Nakili kazi zinazodaiwa wiki hii kwenye diski ya nje kabla ya kugusa kitu, maana saa za kujenga upya ndizo zenye hatari. Angalia sifa 199 ya diski iliyotolewa: kama ndiyo iliyopanda peke yake, safisha viunganishi na badilisha kebo kabla ya kuihukumu. Kama 5 au 197 ndizo zilizopanda, `zpool offline`, linganisha siriali na kibandiko, toa, weka ile ya kabatini, `zpool replace`. Ikiwa diski hizo zilikuwa kwenye sanduku la NAS na sasa umeziunga kwenye kompyuta ya Windows, na dirisha likatokea kuuliza kama diski ianzishwe, bonyeza hapana. Hakikisha UPS imejaa, wahariri wabaki kwenye proksi zilizo kwenye SSD zao, na uache safu ijenge mpaka `zpool status` ionyeshe `ONLINE` kwa diski zote sita bila kosa hata moja kwenye safu wima tatu za mwisho. Siku hiyohiyo agiza diski nyingine ya kabatini.